Laptopu ya bei nafuu inayokubali programu huru: namna ya kuichagua Mombasa

Laptopu mbili za jina moja na bei moja zaweza kukaa meza moja kwenye duka la Digo Road, moja ikakubali mfumo huru siku hiyo hiyo, ya pili ikakataa kuiona Wi-Fi hata ukeshe nayo. Mara nyingi kinachozitenganisha ni kadi ndogo iliyofichwa chini ya kifuniko cha nyuma, na muuzaji mwenyewe huenda hajui ni kadi gani. Kwa hiyo usinunue kwa jina lililoandikwa kwenye mfuniko. Nunua kwa vilivyomo ndani, na uvione kwa macho yako kabla ya kutoa pesa.

Programu huru hazimaanishi programu za bure tu. Ni programu ambazo una haki ya kuzitumia kwa kazi yoyote, kuzisoma zilivyoandikwa, kuzibadili, na kumpa mwenzio nakala. Kuna mifumo mizima ya kuendeshea kompyuta ya aina hii, mingi ya familia ya Linux, na kizuizi chake kikubwa ni fimuwea: programu ndogo ambayo kifaa, kwa mfano kadi ya Wi-Fi, hutaka kipakiwe ndipo kifanye kazi. Fimuwea nyingi watengenezaji wamezifunga. Huruhusiwi kuzisoma wala kuzibadili.

Amua mapema unasimama wapi. Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, tangu toleo la 12 lililotoka Juni 2023, huja na fimuwea hizo zilizofungwa ndani ya kisakinishi chake, kwa hiyo laptopu nyingi za ofisini hufanya kazi papo hapo. Mifumo ya Trisquel na PureOS haina fimuwea hizo kabisa. Trisquel hutumia kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux-libre, inayokataa kuzipakia hata ukizitia kwa mkono. Anayetaka usafi kamili ana kazi zaidi ya kutafuta, lakini mashine anayoipata itakubali karibu mfumo wowote wa Linux atakaouweka baadaye. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unapima kwa Trisquel, hata kama nyumbani utatumia Debian.

Mashine za kutafuta

Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida hutaka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Laptopu za ofisini za vizazi vya nyuma, zilizo nzima na imara, zimeachwa njiani kwa sababu hiyo tu. Kwa mtu wa programu huru huo ni mlango uliofunguliwa, kwani Linux haijali sharti hilo. Ukisikia muuzaji akisema "hii haiendi Windows 11", hapo ndipo pa kuanza kuzungumza bei.

Kizazi husomwa kwenye jina la prosesa: i5-3320M ni cha 3, i5-4300U cha 4, i5-6300U cha 6, i5-8350U cha 8. Kwenye meza za ex-UK, yaani mashine zilizotumika Uingereza, tazama zaidi aina tatu hizi:

Lenovo ThinkPad: X230 na T430 (kizazi cha 3), T440p (cha 4), X250 na T450 (cha 5), X260 na T460 (cha 6). X230, T430 na T440p zina matundu mawili ya RAM na hufika GB 16. X250 ina tundu moja tu, basi usikubali iliyo na GB 4 bila kuhesabu bei ya kubadilisha kipande kizima.

Dell Latitude: E6430, E7440, E5470. Mashine za Dell kwa kawaida hazichagui kadi ya Wi-Fi utakayoiweka, na jambo hilo lina thamani kubwa, kama utakavyoona hapa chini.

HP EliteBook 840: G1 ni kizazi cha 4, G2 cha 5, G3 cha 6. G3 hutumia RAM ya DDR4, kwa hiyo ukipata mashine ya baadaye kipande hicho kitahamia huko.

Chukua yenye michoro (graphics) ya Intel peke yake. Baadhi ya T430, T440p, E6430 na EliteBook 840 zina kadi ya pili ya NVIDIA au AMD. Kadi za AMD hutaka fimuwea iliyofungwa ili zichore vizuri, na za NVIDIA kuanzia familia ya GTX 900 hutaka fimuwea iliyotiwa sahihi na kampuni. Michoro ya Intel ya hadi kizazi cha 5 haihitaji fimuwea yoyote. Ya kizazi cha 6 nayo huonyesha picha bila fimuwea, ila utakosa baadhi ya njia za kupunguza matumizi ya betri.

Epuka vilaptopu vyenye RAM ya GB 2 na hifadhi ya GB 32 iliyogandishwa kwenye bodi. Bei yake huvutia, lakini havina kipande utakachoongeza. MacBook nazo ziache: nyingi zina Wi-Fi ya Broadcom, ambayo ni ngumu kuliko zote kwa mifumo huru.

Kadi ya Wi-Fi

Hapa ndipo watu wengi huumia, basi tutulie kidogo.

Karibu kadi zote za Intel, zile utakazozikuta kwenye laptopu nyingi za ofisini, hutaka fimuwea iliyofungwa. Kwenye Debian zinafanya kazi vizuri. Kwenye Trisquel hazifanyi. Broadcom husumbua pande zote mbili. Kadi zinazoendeshwa na draiva (programu inayouwezesha mfumo kukitumia kifaa) iitwayo ath9k hazihitaji kupakiwa fimuwea yoyote, na ndizo za kutafuta: Atheros AR9280, AR9285, AR9380, AR9462 na AR9485. AR9285 hushika mawimbi ya 2.4 GHz tu. AR9280 na AR9462 hushika na ya 5 GHz pia.

Jina la Atheros peke yake halitoshi. QCA9377 na QCA6174 ni za ukoo huo huo lakini hutumia ath10k, na ath10k inataka fimuwea iliyofungwa. Soma namba, usisome jina.

Kadi za ath9k zilikuwa kwenye laptopu nyingi za kawaida za miaka ya 2009 hadi 2013: Acer, Asus, Toshiba na nyinginezo. Mafundi wa mjini wana maboksi ya mashine zilizokufa bodi, na kadi ya Wi-Fi kwa kawaida hubaki nzima. Mwambie fundi, "Kaka, nitafutie kadi ya Atheros, iwe imeandikwa AR5B95 au AR5B22." AR5B95 ndiyo AR9285, na AR5B22 ndiyo AR9462, maandishi hayo yako kwenye kibandiko cha kadi yenyewe. Hizo mbili ni za umbo la mini PCIe, linaloingia X230, T430 na E6430. ThinkPad kuanzia X240 na T440 zina tundu la M.2, na kwa hizo kadi ya AR9462 huitwa QCNFA222. Umbo likikosewa kadi haiingii, wala usiilazimishe.

Sasa ubaya wake. BIOS, programu inayoiamsha mashine kabla ya mfumo, kwenye ThinkPad za zamani, X230 na T430 zikiwemo, ina orodha ya kadi inazozikubali. Ukiweka nyingine, mashine husimama mwanzoni na ujumbe wa 1802 kwamba kadi haikuidhinishwa. EliteBook za zamani, kama 8460p, hutoa ujumbe wa 104 na kusimama vivyo hivyo. Hakuna kilichoharibika, toa kadi na mashine itawaka. Orodha hiyo Lenovo waliiondoa kuanzia X250 na T450.

Kama mashine unayoipenda ina Intel ndani na BIOS inayochagua, usiiache kwa hilo tu. Adapta ndogo ya USB yenye AR9271 humaliza tatizo: fimuwea yake yenyewe ni huru, na Trisquel huitambua ukiichomeka. TP-Link TL-WN722N ya toleo la kwanza ndiyo yenye AR9271. Matoleo ya 2 na 3 yana Realtek ndani ya ganda lile lile, kwa hiyo tazama kibandiko chini yake: kikisema V2 au V3, rudisha.

Flashi ya kupimia

Usiende dukani bila flashi. Iwe ya GB 8 au zaidi. Pakua Trisquel, hakikisha faili haikuharibika njiani kwa kulinganisha sha256sum yake (namba ya kuitambulisha faili) na ile iliyotolewa, kisha iandike kwenye flashi. Kwenye Linux:

sudo dd if=trisquel.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync

Badala ya sdX weka jina la flashi yako kama amri ya lsblk inavyoonyesha. Ukikosea herufi hapo utafuta diski ya kompyuta, basi soma mara mbili. Kwenye Windows tumia Rufus. Asiye na kompyuta kabisa anaweza kutumia simu ya Android: programu ya EtchDroid, ambayo nayo ni huru, huandika flashi kupitia kiunganishi cha OTG, kinachounganisha flashi na simu. Faili ni kubwa. Ipakue penye Wi-Fi ya saiba au ya rafiki kuliko kumaliza bando.

Beba pia waya wa USB wa simu yako. Simu ya Android ikishiriki intaneti kwa waya, mifumo huru huipokea bila fimuwea yoyote. Hivyo hata laptopu iliyokosa Wi-Fi utaiingiza mtandaoni hapo hapo dukani.

Dukani

Anza na adabu. Muuzaji ana haki ya kuogopa mtu anayetaka kuchomeka vitu kwenye mali yake. Mwambie: "Ndugu, naomba niiwashe kwa flashi yangu. Sitagusa chochote kilichomo kwenye diski." Mfumo wa flashi hukaa kwenye RAM; ukizima, hakuna alama iliyobaki, mradi hukubofya kusakinisha. Muuzaji akikataa kabisa, shukuru na uende duka jingine. Moi Avenue na Digo Road hazina uhaba wa maduka.

Kwanza ingia BIOS: F1 kwenye ThinkPad, F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP. Ikikudai nywila ambayo muuzaji hanayo, iache mashine hiyo. "Fundi ataifungua" ni ahadi ya gharama juu ya gharama, kwani nywila ya msimamizi ya ThinkPad hukaa kwenye chipu na haiondoki kwa kutoa betri ndogo ya bodi. Ukiwa ndani, tazama sehemu ya usalama: kama Computrace, au Absolute, mfumo wa kampuni kufuatilia mashine zake, imewashwa kwa kudumu, mashine hiyo ilikuwa ya kampuni na huenda ilitoweka bila idhini yake. Zima Secure Boot, kinga inayoweza kuizuia flashi yako isiwake. Kwenye Dell, tazama pia mpangilio wa SATA: ukiwa kwenye RAID, Linux huenda isiione diski kabisa, na mtu akadhani imekufa. Uweke AHCI, na uurudishe kama hutanunua, la sivyo Windows ya muuzaji haitawaka.

Kisha washa kwa flashi: F12 kwenye ThinkPad na Dell, F9 kwenye HP. Mfumo ukishafunguka, fungua terminali, dirisha la kuandikia amri:

lspci -nnk

Tafuta mstari wa mtandao usio na waya. Ukiona ath9k baada ya maneno Kernel driver in use, na namba kama 168c:002b au 168c:0034, umepata. Ukiona iwlwifi, hiyo ni Intel. Hesabu pia mistari ya michoro. Ikiwa miwili, kuna kadi ya pili.

sudo dmesg | grep -i firmware

Kwenye Trisquel amri hii hutaja wazi vifaa vilivyokosa fimuwea huru. Hiyo ndiyo orodha ya utakavyovikosa kwa sababu ya fimuwea, na ni ya kweli kuliko maelezo ya mtu yeyote. Mara nyingi utakuta Wi-Fi na Bluetooth, basi. Kisoma alama za vidole nacho mara nyingi hakifanyi kazi; usikilipie.

Betri:

cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full
cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_full_design

Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Ikiwa betri iliundwa kwa Wh 50 na sasa hujaa kwa Wh 31, imebaki asilimia 62. Mashine nyingine huandika charge badala ya energy. Hesabu ni ile ile. ThinkPad nyingi za kuanzia X240 na T440 zina betri mbili, tazama na BAT1. Chini ya nusu, hesabu bei ya betri mpya tangu sasa. Na hapa pana mtego: X230 na T430 hukataa kuchaji betri zisizo halisi, kwa hiyo ile ya bei ya chini unayoiona dukani huenda ikakaa kama jiwe. X220 na T420 hazina ukali huo.

Diski: unganisha simu kwa waya, kisha sudo apt install smartmontools, halafu sudo smartctl -a /dev/sda. Kwenye diski ya SATA, Reallocated_Sector_Ct iwe sifuri. Power_On_Hours ni saa ilizofanya kazi; 20,000 ni zaidi ya miaka miwili ya kuwaka usiku na mchana. Diski ya kuzunguka usiipe uzito sana, maana utaitoa uweke SSD, diski ya kasi isiyozunguka.

Joto: fungua terminali nne, katika kila moja andika yes > /dev/null, ngoja dakika kumi, kisha soma kwa terminali ya tano:

cat /sys/class/thermal/thermal_zone*/temp

72000 ni nyuzi 72. Ikipita 90, feni imeziba vumbi au pesti ya prosesa imekauka. Si ugonjwa wa kufa, lakini ni pesa ya fundi, na ni hoja ya kupunguziwa bei. Jaribu hili ukiwa Mombasa kweli kweli, si kwenye chumba chenye AC: duka lenye ubaridi huficha mengi.

Malizia kwa kibodi (bonyeza kila kitufe, hasa nafasi na Enter), kamera, spika, na matundu yote ya USB.

Chumvi

Mashine iliyotumika miaka mitatu karibu na ufuo wa Nyali au Bamburi si sawa na iliyoshuka bandarini juzi kutoka ofisi ya Uingereza. Hewa ya bahari hula shaba. Angaza tochi ya simu ndani ya matundu ya USB na ya chaja: ukiona ukijani au unga mweupe, ujue na bodi imeguswa. Tazama skrubu za chini na bawaba. Kutu ya hudhurungi kwenye vichwa vya skrubu ni ushahidi. Muuzaji akikubali kufungua kifuniko cha RAM, angalia meno ya kipande cha RAM. Yanatakiwa yang'ae, yasiwe na madoa. Mashine yenye kutu huwaka leo vizuri, ikaanza kuzimika yenyewe msimu wa mvua. Hiyo hata ikipunguzwa bei nusu, usiichukue.

Bei na risiti

Tuseme umetenga shilingi 25,000. Usitafute laptopu ya 25,000. Ondoa kwanza gharama ya SSD kama hamna, ya betri kama imechoka, na ya adapta ya Wi-Fi au kadi. Kinachobaki ndicho cha kumpa muuzaji. Kati ya X230 yenye SSD, na 840 G3 yenye diski ya kuzunguka na betri iliyokufa kwa bei ile ile, chukua X230.

Kagua chaja. ThinkPad za hadi X230 na T430 hutumia ncha ya duara. Kuanzia X240 na T440p ni ncha ya mstatili. EliteBook 840 G1 na G2 zina ncha nene, G3 ina ncha nyembamba. Chaja ya kuazimwa "kwa sasa" isikubaliwe.

Dai risiti yenye jina la duka, tarehe na namba ya mfululizo (serial number) ya mashine, ile iliyo chini yake, na uilinganishe na ile iliyo ndani ya BIOS. Zikitofautiana, uliza kwa nini. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai Kenya, na risiti ndiyo kinga yako. Andikieni pia juu yake muda wa dhamana mliokubaliana. Kwa anayeuza kupitia tangazo la mtandaoni, kutaneni mahali penye watu na umeme, na usitume M-Pesa kabla flashi haijawaka.

Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi

BIOS yenyewe nayo ni programu iliyofungwa. Libreboot, programu ya kuchukua nafasi yake, huibadilisha kwenye mashine chache, zikiwemo X200, T400, X220, X230, T430 na T440p. X200 na T400, za mwaka 2008, huruhusu kuondoa kabisa kijikompyuta cha Intel ME kilichofichwa ndani; kwenye X230 na wenzake hupunguzwa makali tu. Lakini X200 ina prosesa ya Core 2 Duo na huishia RAM ya GB 8: inatosha kuandika na kutuma barua pepe, kwa kurasa nzito za wavuti inachosha.

Kazi hiyo mara nyingi hufanywa kwa CH341A, kifaa cha kusoma na kuandika chipu, na kibanio cha SOIC-8 cha kuishika chipu ya BIOS, ambavyo mafundi wengi wanavyo tayari. Onya fundi wako juu ya mambo mawili. CH341A nyeusi ya kawaida hutoa volti 5 kwenye nyaya za data, na chipu hizi hutaka 3.3, kifaa kirekebishwe kwanza. Na kabla ya kuandika chochote, chipu isomwe mara mbili, mafaili mawili yalinganishwe, na nakala iwekwe nje ya mashine hiyo. X230 ina chipu mbili, ya MB 8 na ya MB 4, kwa hiyo nakala ni mbili. Mafaili yakitofautiana, kibanio hakijashika vizuri: kitoe, safisha miguu ya chipu, anza kusoma upya.